Picha la kauboi ambalo adui haji na bastola, anakuja na mhuri: The Spoilers (1942) na wizi wa kweli wa Nome

Mchungulia Mkanda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi umeme ulikatika mtaani kwetu. Laptopu ina chaji nusu, na ndani yake kuna muvi moja tu ambayo sijaigusa tangu niipakue: The Spoilers ya mwaka 1942. Nyeusi na nyeupe, dakika 87. Nikasema kauboi la kizamani hili, nitasinzia katikati. Sikusinzia. Nimeshaiangalia mara tatu, halafu nikaanza kufukua kisa chenyewe cha kweli kilicho nyuma yake, na huko ndiko usingizi ulikokwenda moja kwa moja.

Sisi tuliokulia banda umiza (vibanda vya kuonyesha video mtaani) tunaijua kanuni. Kuna stelingi, kuna adui, kuna demu, na stelingi hafi. Humu wote wapo. Stelingi ni John Wayne, anaitwa Roy Glennister, mwenye hisa katika mgodi wa dhahabu uitwao Midas. Adui ni Randolph Scott, anaitwa McNamara. Demu ni Marlene Dietrich, anaitwa Cherry Malotte, mmiliki wa baa inayovuta mji mzima. Mji ni Nome, Alaska, mwaka 1900. Kichekesho ni kwamba kwenye majina ya mwanzo anaanza Dietrich, anafuata Scott, ndipo anakuja Wayne. Adui kamtangulia stelingi, na mkishaliona picha lenyewe mtakubali kwamba haki yake.

Maana McNamara si adui tuliyemzoea. Hana ndevu chafu, hatemi mate, hapigi watu risasi mgongoni. Amevaa suti nzuri, anatabasamu, cheo chake ni kamishna wa dhahabu. Mezani kwake pana karatasi. Nyuma yake yupo jaji mpya, Stillman, mzee wa heshima zake, na jaji ana mpwa wake Helen, binti mzuri aliyesafiri meli moja na stelingi. Mnaona mtego ulivyotandazwa.

Sehemu iliyonikamata ni pale watu wa mahakama wanapofika Midas. Kuna mzee Dextry, mbia wa Glennister (anaigizwa na Harry Carey, huyu mzee alikuwa kwenye makauboi tangu enzi za picha bubu). Dextry hataki maneno, anataka bunduki. Kwenye kauboi la kawaida hapo ndipo bendi inapoanza kupiga na farasi wanalia. Humu stelingi mwenyewe ndiye anayemzuia mzee. Sheria imefika, tuipe nafasi. Mgodi unaondoka mikononi mwao mchana kweupe bila risasi hata moja, kwa sababu ya ustaarabu wao. Dextry anamkasirikia mpaka wanaachana.

Nilisimamisha hapo nikacheka peke yangu gizani. Kumbe mzee ndiye aliyekuwa amesoma mchezo.

Nitaendelea na kisa cha kweli. Chaji imebaki asilimia 11.

---

Kahawa Chungu

Nimeweka kambi. Tiririka mkuu.

---

BabaKauboi

Mkuu umeongea yote umeruka la maana. NGUMI! Hilo picha watu wazima tunalikumbuka kwa ngumi. Wanaanzia chumbani kwa Cherry ghorofani, wanaporomoka mpaka baa chini, meza zinakuwa kuni, wanatoka nje wanamalizia kwenye tope. Sijui karatasi, sijui jaji, hayo ni mambo ya kupitisha muda mpaka ngumi zifike.

---

Mchungulia Mkanda

BabaKauboi ngumi zinakuja, subiri. Umeme umerudi.

Wakuu, kisa cha kweli ni hiki. Septemba 1898 watu watatu, Jafet Lindeberg, Erik Lindblom na John Brynteson, walikuta dhahabu kwenye kijito cha Anvil, karibu na mahali palipokuja kuwa Nome. Watu wakawaita Waswidi watatu wenye bahati, ingawa Lindeberg alikuwa Mnorwei. Wakaweka vigingi vyao, wakapima vitalu, wakaandikisha. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana kwenye mchanga wa ufukweni kabisa, na hapo dunia ikarukwa na akili. Kiangazi cha 1900 walishuka watu kama 20,000. Hakuna bandari: meli zinatia nanga mbali, watu na mizigo wanaletwa kwa mashua, wengine wanafika wameloa mpaka kiunoni. Hakuna miti. Mji wa mahema umejipanga ufukweni kama kamba ya nguo. Wyatt Earp, yule yule wa makauboi, alikuwepo na baa yake iitwayo Dexter, akiuza vinywaji. Akili kubwa: wenzake wanachimba ardhi, yeye anachimba mifuko.

Sasa McNamara wa kweli aliitwa Alexander McKenzie. Huyu hakuwa mchimbaji. Alikuwa mwanasiasa mzito wa chama cha Republican kutoka North Dakota, mtu wa kupanga nani achaguliwe na nani asichaguliwe. Aliona kitu ambacho wachimbaji hawakukiona: ukitaka dhahabu ya Nome huhitaji sululu, unahitaji jaji. Akaunda kampuni ya karatasi, Alaska Gold Mining Company, mtaji wake ukatajwa kuwa dola milioni 15. Akanunua madai ya watu waliokuwa wanapinga umiliki wa vitalu vya Anvil, eti wageni hawana haki ya kuandikisha ardhi ya Marekani. Marafiki zake wa Seneti wakajaribu kuipindisha sheria ya Alaska iwatupe nje wageni, wakashindwa. Lakini jaji alimpata: Arthur Noyes wa Minnesota, swahiba wake, akateuliwa kwenye mahakama mpya ya Nome.

Walifika meli moja mwezi Julai 1900. Hawakukaa hata wiki. Noyes akasaini amri za kumfanya McKenzie msimamizi wa vitalu vinavyogombaniwa, wenye vitalu hawajaitwa wala kusikilizwa, na siku hiyo hiyo mikokoteni ikawa njiani kuelekea Anvil.

---

Wakili Mzembe

Ngoja niwaeleze ubaya wake kisheria, maana watu wanapita tu juu ya neno "msimamizi".

Mahakama inateua msimamizi wa mali wakati kesi inaendelea ili mali isiharibike. Kazi yake ni kama ya mtu unayemwachia nyumba ukisafiri: afunge milango, amwagilie maua. Mgodi wa dhahabu ukiufunga hauharibiki. Dhahabu imelala huko miaka elfu na elfu, haiozi. Kwa hiyo hata sababu ya kuteua msimamizi haipo. Noyes alimteua, na akamruhusu kuchimba. Dhamana aliyotakiwa kuweka ni dola 5,000 kwa kitalu, kwenye vitalu ambavyo vilikuwa vinatoa zaidi ya hapo kwa muda mfupi sana. Yaani umeachiwa nyumba, unamwagilia maua, unauza kochi na friji.

Halafu wenye vitalu walipotaka kukata rufaa, Noyes akawaambia amri hii haina rufaa. Hapo mwanasheria yeyote anasimama nywele.

---

Mama Chapati

Sasa naomba kuuliza kama mwanamke, huyo Cherry kwenye picha anafanya nini zaidi ya kuvaa manyoya na kugombaniwa?

---

Mchungulia Mkanda

Mama Chapati swali zuri sana, na jibu lake limenishangaza. Cherry ndiye mwenye akili kuliko wote humo ndani. Stelingi kadanganyika, mzee kasusa, yeye ndiye anayemsoma McNamara tangu mwanzo kwa sababu amezoea wanaume wanaotabasamu wakiwa na karata mkononi. Mwishoni yeye ndiye anayemshikilia adui kule chumbani mpaka stelingi afike. Yule Helen mwenye adabu na familia nzuri ndiye yumo kwenye genge. Picha limewageuza: mwanamke wa baa ndiye mkweli, mpwa wa jaji ndiye chambo. Manyoya yapo lakini, siwezi kukudanganya. Sijui Nome ya matope ile alifuliwa na nani.

---

Msukuma wa Karasha

Nimesoma kimya mpaka hapa, naona niseme. Nimekaa machimbo ya dhahabu ya Geita miaka sita, duara (shimo la kuchimbia) mbili nimeshika mwenyewe. Kwanza nawaeleza kitu kuhusu huo ufukwe. Sisi dhahabu yetu imo ndani ya mwamba. Unashuka duarani, unatoa mbale (mawe yenye dhahabu), unapeleka karasha, mashine ya kusaga, zisagwe, unapeleka mwaloni, mahali pa kuoshea, unapitisha maji juu ya magunia, ndipo unakamata na zebaki. Kila hatua ina mtu wa kulipwa. Hao wa Nome ufukweni dhahabu ilikuwa imeshasagwa na bahari! Mtu anakuja na koleo na sanduku la kutikisa, anachota mchanga, anamwaga maji, amemaliza. Ndiyo maana walikuja 20,000. Rashi yoyote (watu kukimbilia dhahabu) inapimwa kwa urahisi wa kuanza.

La pili, huyo McKenzie namjua. Si yeye, lakini namjua. Mwaka mmoja tulikuwa tunashuka mita kama 40, tumeshaanza kuona mkanda mzuri wa dhahabu mwambani. Akaja jamaa na gari safi, viatu safi, ana bahasha. Hakupiga kelele. Alimsalimia kila mtu, mpaka mpishi. Bahasha ilikuwa na ramani ambayo duara letu limo ndani ya mistari ya mtu mwingine. Wazee walitaka kumfukuza, mimi ndiye niliyesema tumsikilize, kwa vile nilifika kidato cha nne. Hilo sitasema mengi. Lakini pale ulipoandika stelingi anamzuia mzee na bunduki, nimeweka simu chini kidogo.

---

Kahawa Chungu

Dah. Pole mkuu.

---

BabaKauboi

Pole sana ndugu yangu. Mimi nilikuwa natania na ngumi zangu.

---

Mchungulia Mkanda

Pole Msukuma. Nashukuru umeandika.

Naendelea basi, na sasa nafika kwa BabaKauboi, maana ngumi na karatasi zinakutana.

Picha hili limetoka kwenye riwaya ya Rex Beach ya mwaka 1906. Beach alikuwepo Nome mwaka 1900, akitafuta dhahabu kama wengine, aliyaona haya kwa macho. Mwaka huo huo aliandika pia makala za jarida akitaja watu kwa majina yao. Kwenye riwaya akabadilisha majina na kuongeza ngumi. Ngumi zikapendwa kuliko makala. Riwaya hiyo imetengenezwa picha mara tano: 1914, 1923, 1930, 1942 na 1955, na kila mara watu walilipa kiingilio kuangalia stelingi na adui wanavunjana meno mwishoni. Gary Cooper alikuwa Glennister mwaka 1930.

Sasa sikilizeni hii. Glennister wa mwaka 1914, yule aliyepiga ngumi za kwanza kabisa, aliitwa William Farnum. Ngumi zile zilimpa jina kubwa. Mwaka 1942 Farnum yumo tena. Amezeeka. Safari hii anaigiza Wheaton, WAKILI wa stelingi. Sijui kama aliyempa nafasi hiyo alikusudia, lakini mimi nilipogundua nilipiga meza. Mtu wa ngumi amerudi akiwa mtu wa karatasi, na kwenye historia yenyewe ya Nome hicho ndicho kilichotokea.

Kwa sababu, BabaKauboi, hapakuwa na ngumi. Hakuna aliyemburuza McKenzie kwenye tope. Wenye migodi walikuwa na silaha na hasira, ilikaribia, na askari wa jeshi waliingia kati watu wasichinjane. Lakini aliyeshinda ni aliyepanda meli. Mawakili wao walifunga safari kusini mpaka San Francisco, kwenye mahakama ya rufaa, na Jaji William Morrow akatoa amri mwezi Agosti kwamba McKenzie arudishe vitalu na dhahabu. Amri ikapelekwa Nome. McKenzie akaisoma akaiweka mfukoni, dhahabu hakutoa. Noyes akajifanya haoni. Sasa hesabuni wenyewe: bahari ile huganda karibu na Novemba na haifunguki mpaka Juni. Alikuwa anasubiri barafu tu. Barafu ikishafunga, hakuna amri ya San Francisco itakayofika, na yeye ana miezi yote ya baridi. Mwezi Oktoba, meli za mwisho mwisho, wakashuka maofisa wa mahakama kutoka San Francisco, wakamkamata, na masanduku ya dhahabu benki yakafunguliwa.

Nikiwa mtengeneza picha ningemalizia hapo. Pwani, theluji inaanza, meli inapiga honi, mtu wa suti anapandishwa mashua. Hollywood wakaona hapana, tuvunje baa.

---

Wakili Mzembe

Ongezea na hili kwa wanaodhani ni masikini kamshinda tajiri. Aliyelipa nauli na mawakili ni akina nani? Akina Lindeberg, ambao kampuni yao ya Pioneer ilishakuwa kubwa, na Charles Lane wa California, mwenye kampuni ya Wild Goose, ambaye mwaka huo huo alikuwa anajenga reli yake kutoka Nome kwenda Anvil. Mtu anayejenga reli si mchimbaji mdogo. Kilichotokea ni matajiri wa migodi wawili watatu walimshinda tajiri wa siasa. Yule wa koleo na sanduku la kutikisa asingefika San Francisco.

---

Mchungulia Mkanda

Kweli kabisa, na picha lenyewe linaonyesha bila kukusudia. Mwanzoni kuna wazee wawili, Flapjack na Banty, wachimbaji wadogo, wanachekesha chekesha, kitalu chao ndicho cha kwanza kuporwa. Baada ya hapo kesi inakuwa ya Midas, mgodi mkubwa. Wale wazee wamebaki vichekesho.

Na kuna ambao hata vichekesho hawakupewa. Ardhi ile ilikuwa ya Wainupiati, wenyeji wa asili wa huko, kabla ya kigingi chochote. Na kati ya waliowekewa mapingamizi kwa ugeni wao walikuwepo Wasami, wafugaji wa reinidia (kulungu wa nchi za baridi) kutoka Skandinavia waliopelekwa Alaska na serikali, na baadhi yao wakapata vitalu. Wafugaji wa kaskazini ya dunia wamekuta dhahabu, mwanasiasa anawaambia ninyi si wa hapa! Hilo peke yake ni picha la saa tatu. Humu hamna.

---

Mtoto wa Likoni

Wadau mi niko Mombasa, nimeitafuta nikaiona jana usiku. Mbona mmenyamazia ile sehemu ya Wayne kujipaka masizi usoni? Anaenda kuiba dhahabu yake benki na mzee Dextry, wamejipaka weusi, halafu anamtokea yule dada mweusi anayemhudumia Cherry na wanaifanya mzaha. Mi nilizima nikaenda kupika chai.

---

Mchungulia Mkanda

Sikunyamazia kwa makusudi, ila nakiri niliruka kwa aibu, na aibu hiyo si yangu. Dada huyo ni Marietta Canty, mhusika anaitwa Idabelle. Ndiyo, sehemu hiyo ni chafu. Hollywood ya mwaka 1942 iliona ni kichekesho, na mwigizaji mweusi pekee mwenye maneno amepewa kazi ya kushangaa. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Canty ni mzuri, anamjibu Dietrich kwa mapigo yake, halafu wanampa hilo. Ulifanya sawa kuzima. Mimi sikuzima, nilitazama pembeni.

---

BabaKauboi

Haya mimi nauliza swali la mtu wa banda umiza. Adui wa kweli alikufaje?

---

Mchungulia Mkanda

Kitandani, mkuu. Mwaka 1922.

Februari 1901 alihukumiwa mwaka mmoja jela kwa kudharau mahakama, akafungwa Oakland. Mwezi Mei Rais McKinley akamsamehe, eti anaumwa. Akaishi miaka 21 zaidi na ugonjwa wake.

---

Kahawa Chungu

Stelingi hafi, na adui naye hafi 😂

---

Mama Chapati

Na jaji?

---

Wakili Mzembe

Noyes alivuliwa ujaji, na kabla ya hapo alitozwa faini ya dola 1,000 kwa kudharau mahakama ya rufaa. Jela hakulala. Jaji aliyepelekwa kusafisha Nome aliitwa James Wickersham, mchapakazi, alizikuta kesi zimelundikana kama kuni.

---

Msukuma wa Karasha

Dola 1,000. Wakati huo aunsi ya dhahabu ilikuwa bei gani?

---

Wakili Mzembe

Dola 20 na senti 67.

---

Msukuma wa Karasha

Basi ni aunsi 48 na kidogo. Kilo moja na nusu.

Kilo moja na nusu mimi sijawahi kuishika kwa pamoja. Miaka sita. Niliyoishika kubwa kuliko zote ilikuwa gramu 61, ilikuwa usiku, tuliiweka kwenye kifuniko cha chupa ya soda tukaipitisha kila mtu aione.

Mchungulia, niwekee hiyo muvi mahali niipakue. Ngumi nitaziruka, nataka kumwona huyo mwenye suti.